Mbele ya Jiko

Asubuhi hiyo nilitoka Hamugembe bila kujua ninakwenda wapi. Kwangu hilo si jambo jipya. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimeishi hivyo: naamka, chumba kinanibana, nafunga mlango, naanza kutembea, na mahali pa kufika panajitokeza njiani. Nilikuwa nimerudi Bukoba miezi mitatu kabla, baada ya miaka mingi ya kuzunguka, nikapanga chumba nyuma ya migomba ya mama mmoja mjane na kushona mapazia kwa cherehani ya kuazima. Katika miezi hiyo nilikuwa nimetembea kila upande wa mji, sokoni, ufukweni, hadi uwanja wa ndege kutazama tu jinsi watu wanavyoagana, lakini sikuwahi kushika njia ya Nshambya, ambako kwa miguu mtu anafika kabla hajatoka jasho. Siku hiyo nikaishika. Mkufunzi, mzee wa Nshambya niliyekuwa nikimsomea zamani, angesema sikutoka bila mpango. Angesema kuna mtu ndani yangu aliyekuwa ameshaamua, ila hakuona sababu ya kunijulisha.

Nyumba yake niliikuta imefungwa. Jirani yake, yule mama aliyekuwa akifagia uwanja mara tatu kwa siku wakati mimi nina miaka ishirini, alikuwa angali akifagia, sasa mgongo umepinda kiasi kwamba hakuhitaji tena kuinama. Alinitazama kwa muda, akanitambua. "Ni wewe uliyekuwa ukimsomea," alisema. Nikaitikia, nikamwamkia. "Umechelewa. Tulimsindikiza Ijumbi, kule Muleba, hii ni wiki ya pili. Alitaka alazwe kwenye kibanja cha mama yake, siyo hapa." Akauegemea ufagio. "Miaka hii ya mwisho alikuwa haoni kabisa. Kila akisikia mlango anauliza, huyo ni Koku? Tukawa tunamwambia siye. Baadaye tukachoka, tukawa tunasema bado." Alisema hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akaendelea kufagia.

Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Katika maisha yangu nimevunja ahadi nyingi na nyingine nimezisahau hata nilimwahidi nani. Hii sikuisahau. Miaka thelathini iliyopita Mkufunzi Klemensi alinituma kwa mwanawe wa pekee, Novati, nikamuulize swali moja na kumletea jibu. Nilisema nitakwenda kesho yake. Sikwenda, na yeye sikumrudia. Sasa jibu lingepatikana au lisingepatikana, hapakuwa tena na mtu wa kumpelekea. Na bado niliposimama pale kwenye ngazi nilijua nakwenda kituoni kutafuta gari la Muleba.

Mwaka ninaousimulia ulianza na maandazi. Nilikuwa nasaidia kwenye mgahawa karibu na soko, na maandazi tulifungia kwenye magazeti ya zamani na karatasi za daftari zilizonunuliwa kwa kilo. Mimi sikuweza kufunga kitu kabla sijasoma kilichoandikwa, na nilikuwa nikisoma kwa sauti, nusu kwa wateja na nusu kwa nafsi yangu: hotuba za mawaziri, matangazo ya vifo, mitihani ya jiografia ya watoto wa watu. Siku moja mzee aliyekaa peke yake dukuduku lilimshika. Alikuwa amevaa koti na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na kikombe alikitafuta kwa vidole. "Unasoma vizuri," alisema. "Umeishia wapi?" Nikamwambia kidato cha pili. "Nani alikufukuza?" Nikasema nilijifukuza mwenyewe. Akacheka, akataka kujua kwa nini. Nikamwambia nilichoka kukaa kwenye dawati moja. "Hapana," alisema, "hiyo ni sababu uliyojipa. Sababu yenyewe iko chini yake." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba sababu zangu zina kitu chini yake. Wiki iliyofuata nilikuwa nakwenda Nshambya kila siku baada ya saa nne kumsomea.

Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha saikolojia ya mtoto katika vyuo vya ualimu, na presha ya macho ilikuwa inaula uoni wake kutoka pembeni kuja katikati. Sebule yake naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vilivyosukwa kwa mkono, kalenda ya parokia ya mwaka uliopita ambayo hawakuitoa kwa sababu ya picha, kabati la vioo lenye vitabu upande mmoja na vikombe vya wageni upande mwingine, na dirisha lililofunguka kwenye migomba, hivyo mwanga wote ulioingia ulikuwa wa kijani. Mkewe, Mama Novati, aliweka kisahani cha kahawa ya kutafuna katikati ya meza, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo huku mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Saa saba tulikula. Ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, siku nyingine dagaa, na mvuke wa jani lile ukipanda mpaka kwenye miwani yake isiyomsaidia kitu.

Vitabu vyake vilikuwa na maneno magumu, na alinisimamisha kila ukurasa aniulize nimeelewa nini. Niliposema sijaelewa alifurahi. Alinieleza nafsi ya mtu kwa kutumia nyumba ya msonge ya babu yake, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja. "Ndani kabisa gizani kuna ng'ombe," alisema. "Hao hawajui kesho wala aibu, wanajua kula na kusukumana. Karibu na kitanda cha baba kuna mahali pa wazee waliokufa, ambao hawali kitu lakini wanakataza kila kitu. Halafu kuna mama mwenye nyumba, amesimama mlangoni na mgeni, anatabasamu, huku nyuma yake ng'ombe wanapiga mateke na wazee wanakunja uso. Huyo mama ndiye unayemwita mimi." Nikamuuliza mgeni anaona nini. "Mgeni anaona tabasamu. Na siku mama akichoka, mgeni anasikia mateke, anadhani ni ngurumo ya mvua." Nilirudi Hamugembe siku hiyo nikimtazama kila mtu njiani kama nyumba iliyofungwa, nikisikiliza mateke.

Tulicheka sana mwanzoni. Mkufunzi alikuwa na maelezo ya kila jirani. Yule mama wa ufagio, alisema, anafagia hatia ya zamani. Kuna jambo alilofanya utotoni na uwanja ndio umekuwa dhamiri yake. Mama Novati alikuwa anamenya ndizi mlangoni. "Anafagia kwa sababu kuku wako wanakunya kwake," alisema. Mkufunzi akasema hiyo nayo ni sababu ya juu. "Ni ya juu kabisa," alijibu mkewe, "hata viatu vyangu vinaijua." Alimwita mumewe Mkufunzi, kwa adabu iliyokuwa na ncha, na ncha hiyo nilichelewa kuiona. Mimi pia nilikuwa na maelezo yangu. Habari za kwetu alizitafuta mwaka mzima akaambulia jina la kijiji, na hapa pia naziruka, lakini siku moja, nilipomwambia nafikiria kuhamia Biharamulo, alisema, "Wewe huhami, Koku. Unaondoka kabla hujaachwa." Sikwenda kwake siku tatu. Niliporudi hakuuliza nilikuwa wapi. Kisahani cha kahawa kilikuwa mezani.

Kilichonitisha zaidi katika mafundisho yake ni hiki, na alikirudia mara nyingi: kwamba jambo alilofanyiwa mtoto kabla hajawa na maneno hatalisimulia kamwe, kwa sababu liliingia bila maneno, atalitenda tu, maisha yake yote, na watu wataita kulitenda huko tabia yake. Watasema fulani ni mpole, fulani ni mkali, fulani hatulii. Nilimuuliza dawa yake. "Wanasema mtu akilipatia maneno linalegea," alisema. "Lakini ni lazima awepo wa kusikiliza. Na ni lazima yeye mwenyewe atake kusema."

Novati alikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Alikuwa na karibu miaka thelathini wakati huo, na duka la pembejeo pale Muleba mjini, mbegu na dawa za kahawa na mabomba ya kupulizia. Alileta matone ya macho, sukari, na mara moja redio mpya. Aliingia, akapiga goti kidogo na kusema kaboneka waitu, salamu ambayo vijana wengi walikuwa wameshaiacha, akakaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kiti kina mwenyewe anayeweza kurudi. Alikula kila kilichowekwa. Alijibu kila alichoulizwa. Saa tisa alisimama. Sijawahi kuona mtoto mwenye heshima kama ile, na majirani walimtaja kwa watoto wao. Mkufunzi alimhangaikia. Alimchokoza kuhusu siasa, kuhusu kutooa, alimkosoa bila sababu, na siku moja, mimi nikiwa naondoa sahani, alimuuliza waziwazi.

"Novati, wewe huna neno na mimi?"

"Sina, tata."

"Hata moja? Hata la zamani?"

Novati alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Labda uzio wa kuku," alisema. "Umeoza upande wa chini. Mwezi ujao nitaleta waya."

Na mwezi uliofuata alileta waya, akaufunga mwenyewe, vizuri, akanawa mikono, akaaga.

Nina binti. Alilelewa na bibi yake, mama wa baba yake, kwa sababu zilizoonekana nzuri. Hunipigia simu kila Jumapili, ananiuliza afya yangu, ananitumia picha za wajukuu, na hajawahi kuniinulia sauti. Mwaka ule wa Nshambya alikuwa hajazaliwa, ndiyo maana niliweza kumtazama Novati kwa udadisi tu, kama ukurasa mwingine wa kufungia maandazi.

Madaftari yalitoka kabatini msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Yalikuwa kumi na moja, ya shule ya msingi, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, na juu ya kila moja ameandika kwa wino wa bluu: Mtoto N. Mkufunzi alitaka niyasome yote kwa mpangilio kabla macho hayajafunga kabisa, ingawa macho niliyotumia yalikuwa yangu. Alinieleza yalivyoanza. Novati alipokuwa na miaka miwili na nusu mama yake alikuwa na mimba ya pili na hali yake haikuwa nzuri, na mtoto bado ananyonya. Wakafanya walichofanya watu wote: mtoto akaachishwa, akapelekwa kwa bibi yake Ijumbi asahau ziwa. Kina bibi walikuwa na sharti moja. Mzazi asionekane mpaka mtoto azoee, maana akionekana kilio kinaanza upya. Lakini Mkufunzi wakati huo alikuwa kijana anayetoka masomoni, kichwa kimejaa vitabu, na aliona nafasi ambayo wenye vitabu Ulaya hawakuipata. Kila Jumamosi alidandia lori la kahawa mpaka Muleba, akatembea hadi Ijumbi, akaingia kwa mama yake kupitia nyuma ya migomba na kujificha jikoni. Ukuta wa jiko ulikuwa wa matete. Kupitia humo alimtazama mwanawe uwanjani, akaandika.

Sherehe ya kunyonyoa senene mnaijua. Mama Novati na yule jirani wa ufagio walikaa chini ya dirisha na masinia mapajani, wakichuma mabawa na miguu, na mimi ndani nasoma. Nilipotulia kupumzika nilisikia jirani akiuliza, "Anasomewa nini kila siku, sala za novena?" Mama Novati akasema, "Anasomewa mwanangu." Wakachuma mabawa kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuchuma, "Yule wa pili alikaa wiki mbili tu, ukumbuke. Tulipomaliza kumzika nikasema sasa nikamchukue Novati, ziwa lenyewe lina maziwa. Akaniambia tusimsumbue mtoto, ameshazoea. Nikasema umejuaje? Akanionyesha. Ameandika." Jirani akauliza alikaa huko muda gani. "Mpaka alipoanza shule. Aliporudi alinipigia goti mlangoni kama mgeni." Mkufunzi alikuwa amekaa mbele yangu. Macho yalikuwa yanakufa lakini masikio yalikuwa mazima. Aliunyosha mkono juu ya meza akakitafuta kisahani cha kahawa, akakikuta, asichukue.

Tulifika Jumamosi ya sita mwanzoni mwa mvua. Jumamosi za nyuma zilijaa kilio, kimeandikwa kwa saa na dakika: amelia alipoamka, amelia alipoona mwanamke anapita njiani, amekataa uji. Nikasoma: "Jumamosi ya sita. N. hakulia. Amekaa kimya mbele ya jiko karibu saa nzima, akicheza na magome ya mgomba. Alipoitwa na bibi yake kula hakuondoka. Amezoea." Chini ya neno la mwisho alikuwa amepiga mistari miwili. Mkufunzi alinieleza kwa fahari ya mazoea kwamba ukurasa huo aliufundishia miaka yote. Walimu wangapi wamepita Kagera hii wakijua kisa cha mtoto N. aliyezoea katika Jumamosi sita. Kisha akainua kidole. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Amekaa wapi?"

"Mbele ya jiko."

"Rudia."

"Mbele ya jiko, karibu saa nzima."

"Uwanja wa mama yangu ni mkubwa," alisema. "Kuna kivuli upande wa kahawa, watoto wote walichezea kule. Mbele ya jiko kuna moshi na majivu. Kwa nini alikaa pale?" Nikatazama tena ukurasa. "Nilikuwa jikoni, Koku." Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayesomewa na mwingine. Nikaendelea kugeuza kurasa, na ndipo mimi mwenyewe nikaona: Jumamosi ya saba, mbele ya jiko. Ya nane, mbele ya jiko. Ya kumi na mbili, N. amelala usingizi mbele ya jiko. Siku za katikati ya wiki, alizosimuliwa na mama yake, mtoto alicheza kwenye kahawa. Yote yalikuwa yameandikwa kwa mkono safi, miaka karibu thelathini, na mwandishi hakuwa ameyasoma.

Siku mbili hakutaka kusomewa. Siku ya tatu baada ya chakula alinituma. Mkewe alikuwepo. "Nenda kwa Novati," alisema. "Muulize kwa nini alinyamaza. Mimi siwezi kumuuliza, atanijibu habari za uzio. Baba hapewi jibu la namna hiyo hapa kwetu. Wewe ni wa rika lake karibu, na wewe si ndugu. Muulize, uniletee maneno yake, hata yakiwa ya matusi. Hasa yakiwa ya matusi." Nilisema nitakwenda kesho. Mama Novati akanisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ukirudi kutoka Muleba lete na vitu vyako," alisema. "Chumba cha Novati kiko wazi, cha nini kulipia Hamugembe? Umeshakuwa binti wa hapa."

Asubuhi nilifungasha kila nilichokuwa nacho, nikaenda kituoni nikiamini kabisa kwamba nakwenda Muleba. Basi nililopanda lilikuwa la Mwanza, nalo linapita Muleba. Lilisimama pale kama dakika kumi, watu wakanunua ndizi za kuchoma na karanga. Duka la Novati lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wa bluu, na yeye mwenyewe alikuwa nje anapanga mabomba ya kupulizia kwa mstari ulionyooka. Alinyanyua macho akaangalia basi bila kumtafuta mtu. Nilikuwa na swali mdomoni. Basi liliwaka, nikabaki kwenye kiti. Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile, zote za juu.

Miaka thelathini baadaye mlango wa bluu umekuwa ukuta wa duka la simu. Niliuliza, wakaniambia mzee Novati yuko Ijumbi tangu msiba, ndiye aliyerithi kibanja. Nikapanda bodaboda. Kijana aliyenibeba aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu, nikasema nilikuwa msomaji wake, akaitikia kana kwamba hilo ni daraja la ukoo. Barabara ilikuwa nyekundu na mbichi, migomba pande zote, kahawa chini ya migomba. Nilimkuta Novati uwanjani, ana mvi, anakata majani ya mgomba yaliyokauka kwa kisu cha mpini mrefu. Kaburi lilikuwa upande wa kahawa, saruji bado nyeusi. Alinikumbuka mara moja. "Dada Koku," alisema, akaweka kisu chini, akanikaribisha, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani ambacho nilikijua.

Nyumba ya bibi imeezekwa kwa bati, lakini jiko liko palepale, mbali kidogo na nyumba, ukuta wake sasa wa mabanzi. Kiti alichonipa kililitazama. Tulizungumza habari za mama yake, aliyetangulia miaka mingi, na za bei ya kahawa, na nikaona kwamba tukiendelea hivyo itafika saa tisa na mmoja wetu atasimama. Nikamuuliza. Nilisema kuna madaftari ya baba yake, na ndani yake kuna mtoto aliyenyamaza Jumamosi ya sita. Kwa nini alinyamaza?

Alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha.

"Ukuta wa matete haukufika chini," alisema. "Mengine bibi alinisimulia, lakini viatu navikumbuka mwenyewe. Vyeusi, vinang'aa. Bibi alikuwa peku siku zote. Nilijua yuko mle."

"Ukanyamaza."

"Bibi aliniambia baba hatoki mtoto akilia. Basi nikanyamaza ili atoke." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mama aliyesimama mlangoni. "Hakutoka, nikadhani sijanyamaza vya kutosha."

Kuku walipita katikati yetu. Nikamwambia alichotaka baba yake: kwamba alituma swali hilohilo, kwamba alitaka kusikia jibu hata likiwa la matusi, kwamba alikaa miaka yote hiyo akiuliza kila mlango ukilia.

"Alimtuma nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwaka ule. Nilipita dukani kwako, ndani ya basi. Nilikuona unapanga mabomba."

Nilimtazama usoni. Nilitaka aseme. Nadhani nilikuwa nimesafiri kwa ajili hiyo tu, siyo kwa ajili ya marehemu wala ya swali; nilitaka mtu mmoja katika maisha yangu anitukane kwa jambo nililolifanya. Novati alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Sina neno na wewe, dada," alisema. "Jua linakwenda, gari hutapata tena leo. Utalala hapa. Kuna chumba cha bibi."

Tulikula ndizi na maharage kwenye jani, yeye, mkewe na mimi, tukashukuru. Kisha akanipeleka chumbani. Kitanda cha mbao, ndoo ya maji, msumari ukutani wa kutundikia mfuko, na dirisha dogo lililotazama uwanja na mlango wa jiko. Alinionyesha komeo linavyofungwa, akanitakia mapumziko mema, akatoka, akauvuta mlango. Nilitundika mfuko. Nje mwanga ulikuwa bado haujakwisha. Mlango ule haufiki chini, umebaki upenyo wa vidole viwili, na kupitia upenyo huo niliona viatu vyake. Havikuondoka.

"Kuna kitu umepungukiwa?" aliuliza kutoka nje.

"Hapana, kaka. Asante."

Viatu vilibaki pale. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikivitazama, mikono mapajani, na mlango ulikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo. Nilinyamaza. Baada ya muda vikageuka, vikaenda.